Kumpima Kifua Kikuu Asiyeweza Kutoa Kohozi

Hotuba kwa wataalamu wa maabara, wauguzi na wanafunzi wa afya, Kigoma Mjini

Ndugu Mwenyekiti, Mganga Mkuu wa Mkoa, wauguzi viongozi, walimu wetu, na ninyi vijana wa maabara mliojaza viti vya nyuma, nawashukuru kwa kunialika na kwa kunipa mada ambayo wengine wangedhani ni ya vyuo vikuu vya ng'ambo peke yake. Mmeniomba nizungumzie maikro-RNA, yaani vipande vifupi mno vya RNA vinavyopunguza kazi ya jeni, zinazosafiri ndani ya eksosomu, yaani vifuko vidogo sana vinavyomwagwa na seli, na namna zinavyoweza kusaidia kutambua na kutibu kifua kikuu. Nitafanya hivyo, ila naomba niruhusiwe kuanzia wodini, kwa sababu huko ndiko nilikoelewa kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa mikoa ya magharibi.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu, akiwa mgongoni kwa bibi yake, kutoka kijiji kimoja cha Uvinza. Alikuwa amekonda, anapata homa za jioni, na tezi za shingo zilikuwa zimevimba. Baba yake alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Mtoto wa umri huo hawezi kutoa kohozi ukimwambia atoe, analimeza. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajala chochote, muuguzi alimpitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni ili kuvuta yale aliyoyameza usiku, bibi akiwa amemshika mikono yote miwili huku akimwimbia polepole. Nilikuwa nimesimama pembeni na kichupa cha kupokelea sampuli. Tulipata mililita chache za maji yenye utelezi, nikazipeleka kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta jeni za bakteria, na majibu yakatoka kwamba hakuna bakteria walioonekana. Daktari aliamua kumwanzishia dawa kwa kuangalia dalili, picha ya kifua na habari ya baba yake, na baada ya wiki sita mtoto alikuwa ameongezeka uzito na anakimbiza kuku uani.

Siku alipomaliza dawa, bibi aliniuliza: “Baba, mlijuaje ni TB, na ule mpira haukuona kitu?” Nilimjibu ukweli, kwamba tulipima dalili na tukakisia vizuri. Swali lake limekaa nami tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nifuatilie utafiti ninaokuja kuwaeleza.

Tangu Robert Koch alipomtangaza bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, vipimo vyetu vikuu vimekuwa vikimtafuta bakteria mwenyewe. Hadubini humwona pale tu kila mililita ya kohozi inapokuwa na bakteria wasiopungua 5,000 hadi 10,000. Kuotesha kunahitaji bakteria wachache zaidi, lakini majibu husubiriwa kwa wiki. GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ilileta nafuu kubwa sana: chini ya saa mbili unajua kama yupo na kama amekuwa sugu kwa rifampisini, dawa yetu kuu ya kifua kikuu. Tuna pia kipimo cha mkojo kinachosaidia zaidi wagonjwa wenye VVU waliodhoofika, na siku hizi kinyesi cha mtoto kinaweza kupimwa kwenye GeneXpert. Hata hivyo vyote hivi vinadai kwamba bakteria, au kipande chake, awepo katika kile ulichokitia kwenye kichupa. Mtoto, mtu mwenye VVU, mtu ambaye ugonjwa umejificha kwenye uti wa mgongo, kwenye tezi au kwenye utando wa ubongo, wote hao wanaweza kukupa sampuli isiyo na bakteria hali wanaugua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wapya milioni 10.8 na vifo milioni 1.25, na sehemu ya wagonjwa hao haikuwahi kufikiwa na kipimo chochote.

Wazo jipya ni kuacha kumtafuta bakteria na kusikiliza mwili unasema nini kuhusu bakteria huyo.

Kila seli ya mwili ina maandishi ya jeni, na ili jeni itoe protini, nakala ya maandishi hayo huandikwa katika RNA mjumbe, ambayo husomwa na kutengenezewa protini. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun nchini Marekani, wakichunguza mnyoo wa milimita moja, waligundua kwamba ipo RNA fupi mno isiyotoa protini yoyote, yenye herufi zipatazo 22, ambayo hujibandika kwenye RNA mjumbe na kuizuia isisomwe. Kwa miaka kadhaa watu walidhani ni tabia ya minyoo tu. Leo tunajua kwamba binadamu ana mamia ya maikro-RNA za namna hiyo, kila moja ikiweza kupunguza sauti ya jeni nyingi kwa mara moja, na mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Napenda neno hilo, kupunguza sauti, kwa sababu maikro-RNA mara nyingi haizimi jeni kabisa. Inaipunguza, na mwili unaougua ni mwili ambao sauti zake nyingi zimepandishwa na kushushwa kwa pamoja.

Sasa, RNA iliyo uchi katika damu haidumu; vimeng'enya huikatakata. Hapo ndipo eksosomu inapoingia. Ndani ya seli kuna vifuko ambavyo utando wake hujikunja kwa ndani na kuzaa vifuko vidogo zaidi; kifuko kikubwa kinapofika kwenye ukuta wa seli na kuungana nao, vile vidogo humwagwa nje. Hivyo vidogo ndivyo eksosomu, na upana wake ni kati ya nanomita 30 na 150. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye ninyi mnamwona kwenye hadubini kama kijiti chekundu, ana urefu wa mara 20 hadi 40 ya eksosomu ya nanomita 100. Ziligunduliwa mwaka 1983 na makundi mawili, moja la Rose Johnstone mjini Montreal na lingine la Philip Stahl mjini St. Louis, yote mawili yakichunguza chembe changa nyekundu za damu zinazokomaa, na wengi walizichukulia kuwa ni takataka ambazo seli inazitupa. Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg nchini Sweden walichukua eksosomu za seli za panya, wakaziweka kwenye seli za binadamu, na seli zile za binadamu zikaanza kutengeneza protini za panya. Takataka haifanyi kazi ya namna hiyo. Ndani ya vifuko vile walikuta RNA mjumbe na maikro-RNA pia.

Wenyeji wa ukanda wa ziwa mtanielewa nikisema kwamba eksosomu inanikumbusha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Vijiji vingi vya mwambao havina gati. Meli ilikuwa ikisimama kwenye maji ya kina, inapiga honi, mitumbwi inaikimbilia, na mzigo unashuka kwa mwenye mtumbwi aliyekuwa akiusubiri. Eksosomu nayo hubeba alama kwenye utando wake, na seli yenye kipokezi kinacholingana na alama hizo ndiyo inayoishika na kuumeza mzigo. Ni lazima niongeze, ili nisiwadanganye vijana, kwamba sehemu kubwa ya maikro-RNA za damu husafiri nje ya eksosomu zikiwa zimeshikamana na protini, na ndiyo maana swali la ni mzigo upi hasa tunaoupima si dogo.

Kifua kikuu kinaingiaje hapa? Mtu akivuta hewa yenye bakteria, seli ya ulinzi iitwayo makrofeji humeza bakteria huyo ikikusudia kumsaga. Bakteria hutumia mbinu za kukizuia kile kifuko alichomo kisiungane na kifuko chenye vimeng'enya vya kusagia, na hivyo huishi ndani ya askari aliyetumwa kumuua. Mojawapo ya mbinu hizo hupitia kwenye maikro-RNA za mwenyeji wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba bakteria huifanya makrofeji ipandishe maikro-RNA iitwayo miR-33, na miR-33 hiyo hupunguza ule mfumo ambao seli hutumia kujisafisha kwa kula vitu vibaya vilivyomo ndani yake, huku ikiacha mafuta yabaki ndani ya seli ambayo bakteria huyatumia kama chakula. Watafiti walipoizuia miR-33 katika panya, bakteria walipungua. Nyingine ni miR-29, ambayo kwa panya imeonekana kupunguza interferoni gama, silaha kubwa ya kinga dhidi ya ugonjwa huu. Makrofeji iliyo katika hali hiyo haikai kimya, kwa kuwa humwaga eksosomu ambazo mzigo wake umebadilika, na katika eksosomu hizo vimekutwa vipande vya protini za bakteria na hata RNA ya bakteria mwenyewe. Eksosomu huingia katika damu, katika mkojo, katika maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo habari ya vita inayopiganwa ndani ya pafu, au ndani ya utando wa ubongo ambako hakuna kohozi linaloweza kutoka, inaweza kusomwa kwenye mkono wa mgonjwa kwa sindano ya kawaida.

Watafiti wa China walilijaribu jambo hili na kulichapisha mwaka 2019. Walichuja eksosomu kutoka katika damu za wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu na wa homa ya utando wa ubongo inayotokana na kifua kikuu, wakachagua maikro-RNA sita, yaani miR-20a, miR-20b, miR-26a, miR-106a, miR-191 na miR-486, kisha wakaunganisha vipimo vyake na kumbukumbu za hospitali za wagonjwa haohao kwa kutumia kompyuta. Kuunganisha huko kuliwatenganisha wagonjwa na wasio wagonjwa vizuri kuliko kutumia kumbukumbu za hospitali peke yake. Nimeusoma utafiti huo mara kadhaa na ninauheshimu, hasa kwa sababu waligusa homa ya utando wa ubongo, ugonjwa unaoua watoto wakati sisi bado tunabishana kuhusu maji ya uti wa mgongo.

Ndugu zangu, jambo ninalotaka mlibebe kutoka hapa linaanzia kwenye ile ya sita, miR-486.

Mwaka jana nilipokea kasha la sampuli kutoka wilaya ya kaskazini mwa mkoa huu. Zilikuwa zimesafiri karibu siku nzima kwa barabara ya vumbi. Nilipoinua kichupa cha kwanza kuelekea dirishani, ile plazima, yaani sehemu ya maji ya damu, iliyopaswa kuwa na rangi ya majani makavu ilikuwa ya waridi. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa chekundu kama juisi ya rosela. Maana yake chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka njiani kwa mtikisiko na joto na kumwaga vilivyomo ndani yake. Chembe nyekundu za damu zimejaa miR-486 na miR-451. Ukipima kichupa kile utaona miR-486 imepanda juu sana, na kompyuta iliyofunzwa mbali na hapa itakusomea namba ambayo imetokana na mashimo ya barabara.

Mtasema basi tutengeneze kasha zuri na tuendeshe polepole. Sawa, na tufanye hivyo. Lakini katika mkoa huu ipo sababu nyingine inayopasua chembe nyekundu, nayo imo ndani ya mgonjwa kabla sindano haijamgusa. Ni malaria. Mgonjwa wetu anayekohoa kwa wiki tatu na kupata homa za jioni anaweza kuwa na kifua kikuu, anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa na vyote viwili pamoja na VVU, na kila kimojawapo kinapandisha na kushusha maikro-RNA kwa namna yake. miR-155, kwa mfano, hupanda katika uvimbe wa aina nyingi mno. Kuiona imepanda ni sawa na kuona moshi bila kujua kama ni kuni za jikoni au paa la jirani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosoma kichwa cha habari cha utafiti na kutangaza kwamba kipimo kimepatikana. Tafiti nyingi za mwanzo huwalinganisha wagonjwa wa kifua kikuu na watu wazima wenye afya njema, mara nyingi wafanyakazi au wachangiaji damu. Kumtenganisha mgonjwa mahututi na kijana mwenye afya si kazi ngumu. Hata mizani ya zahanati inaweza. Swali la mganga wa zahanati ya Kakonko ni jingine kabisa: kati ya watu ishirini walioketi kwenye benchi wakikohoa, yupi ana kifua kikuu na yupi ana nimonia, pumu au mapafu yaliyochoshwa na moshi? Kipimo kisichowahi kuulizwa swali hilo hakijapimwa. Na hakiwezi kuulizwa swali hilo mahali ambapo malaria haipo, kwa sababu huko nusu ya swali haipo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini cha kipimo cha awali, kile cha kuchuja nani apimwe zaidi, kwamba kiwatambue angalau asilimia 90 ya wagonjwa na kisiwasingizie zaidi ya asilimia 30 ya wasio wagonjwa. Kiwango hicho kinapaswa kufikiwa kwa damu ya Kibondo, ya Kaliua na ya Urambo, kama ilivyo kwa damu ya Chengdu kule China.

Nitasema kwa ufupi juu ya tiba, kwa kuwa bado iko mbali zaidi. Dawa zetu hupiga bakteria, na bakteria hujifunza kuwa sugu. Ukiirekebisha seli ya mgonjwa mwenyewe ili imsage bakteria, unampunguzia nafasi ya kujifunza. Jeffrey Schorey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani wamefanya mengi katika njia hii: mwaka 2013 walionyesha kwamba eksosomu zenye vipande vya bakteria zinaweza kuwakinga panya dhidi ya maambukizi, na mwaka 2019 kwamba vifuko vilivyomwagwa na makrofeji zenye maambukizi, vikitolewa pamoja na antibayotiki ya moksifloksasini, vilipunguza bakteria katika panya kuliko dawa hiyo peke yake. Hayo yananitia moyo. Kinachonizuia kushangilia ni miR-155 tena. Katika panya, mwanzoni mwa maambukizi huirefushia maisha makrofeji iliyomhifadhi bakteria, jambo linalomfaa bakteria. Baadaye huziimarisha seli za kinga ziitwazo seli za T zinazompiga bakteria huyohuyo. Ukiizuia, umemsaidia nani? Inategemea siku uliyoizuia, na mgonjwa anayekuja kwetu hajui siku aliyoambukizwa. Tena mwaka 2016 jaribio la dawa ya saratani iliyoiga miR-34 lilisimamishwa kwa sababu wagonjwa walipata madhara makubwa ya kinga. Kwa hiyo mgonjwa akiwauliza leo, jibu ni lilelile: dawa za miezi sita, kila siku, bila kuruka, na kwa wenye usugu ule mchanganyiko mpya wa vidonge wa miezi sita ambao Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 2022. Atakayewauzia “tiba ya eksosomu” ya kifua kikuu anawaibia, na nawaomba mliseme hilo hadharani.

Wapo watakaosema kwamba utafiti wa namna hii si wa Kigoma. Naomba wakumbuke mwaka 1977, nchi yetu ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyeugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikuja kufanya kazi na waganga na wauguzi wa wilaya zetu, na utaratibu wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa na kuandika matokeo ya kila mmoja katika rejista ulijaribiwa hapa, katika zahanati zenye meza moja na benchi moja. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua na kuusambaza duniani kote kwa jina la DOTS. Panya buku wa Morogoro wanaonusa makohozi nao walifunzwa katika nchi hii. Rejista zile zilijazwa na watu kama ninyi, kwa kalamu ya wino, na ulimwengu ukaziamini kwa sababu zilijazwa kwa uaminifu.

Kazi ninayowaomba haihitaji mashine mpya. Maabara kubwa itachuja eksosomu na kuzihesabu maikro-RNA, lakini haiwezi kurudisha kile kilichoharibika kabla kichupa hakijafika kwake. Damu ichukuliwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, izungushwe kwenye sentrifuji, ile mashine inayozungusha damu ili plazima ijitenge, ndani ya saa chache, palepale wilayani, na plazima pekee ndiyo isafiri ikiwa kwenye barafu. Kwa mtoto, mililita mbili zinatosha kuanzia. Nimeacha kwa msimamizi wa maabara fomu ya ukurasa mmoja. Ina saa ya kuchukua damu, saa ya kuizungusha, majibu ya malaria ya siku ileile, hali ya VVU, na sehemu ya rangi, ambapo kuna vibandiko vitano kuanzia njano ya majani makavu mpaka nyekundu, ili uweke kichupa kando yake mbele ya dirisha na kutia alama kabla hujakifunga. Chumba cha sentrifuji kiko mkono wa kulia ukitoka ukumbini, na vichupa vya mazoezi viko tayari. Tukinywa chai tutaanza na kundi la Kasulu.

Asanteni sana.